MGUU MZITO AU WAYA MBOVU?

Maneno aliyosema dereva mmoja mkongwe mbele ya wanachama, Kombani



Nimeombwa niseme juu ya gari linaloruka: ukigusa mafuta kidogo, nalo huchupa kama mbuzi aliyekata kamba. Sisi wa Kombani twalijua jambo hili, maana hapa ndipo barabara ya Likoni na Ukunda inapokutana na ile ipandayo Kwale. Gari kama hilo likianza mlima, abiria hurushwa nyuma. Na kule kivukoni Likoni ni hatari zaidi. Magari huingia yakifuatana karibu karibu, na watu wa miguu wako papo hapo. Gari likiruka hatua moja tu, latosha kumvunja mtu mguu.

Nami yalinifika. Gari nililokuwa nikiendesha liliruka pale mwanzo wa mlima, na trei mbili za mayai ya abiria zikavunjika. Tajiri akaniambia, "Mguu wako mzito," akakata mshahara wangu. Nikanyamaza. Wiki ya pili fundi alifungua boneti akauvuta waya wa mafuta. Nyuzi zake zilikuwa zimekatika nusu, na kutu imejaa ndani ya mpira wake. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imefanya kazi yake. Waya ulikuwa ukikwama. Nami nikizidisha nguvu ya mguu, ulijiachia kwa ghafula. Basi mguu haukuwa mzito. Waya ndio uliokuwa mbovu, nami nimekwisha kulipa mayai.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msikubali lawama kabla ya kupima. Fuateni taratibu hii.

Kwanza, tazama miguuni. Je, mkeka umesukuma pedali? Kiti kiko mbali hata unakanyaga kwa ncha ya kidole? Kisigino na kikae sakafuni. Magari mengine ya otomatiki yana kitufe chenye herufi PWR. Kikiwashwa, gari huwa jepesi kuruka. Kizime, ujaribu tena.

Pili, zima injini, ubonyeze pedali kwa mkono polepole. Ikikwama mwanzoni kisha ikaachia, shida iko kwenye waya, springi au kile kipepeo kinachofungulia injini hewa. Waya ukiwa umelegea mno, pedali hushuka bure halafu hushika ghafula. Ukikazwa mno, injini hunguruma kwa nguvu hata gari likiwa limesimama. Waya uliokatika nyuzi ubadilishwe. Kuutia grisi ni kuahirisha ajali.

Tatu, fundi akitazame hicho kipepeo. Masizi meusi hujishika ukingoni mwake kama gundi. Husafishwa kwa dawa yake na kitambaa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Usitie kidole humo ufunguo ukiwa ndani, maana kwenye magari ya umeme wa pedali kipepeo chaweza kujifunga chenyewe.

Nne, ikiwa pedali ni laini lakini gari bado lapiga teke, tazama raba zinazoshikilia injini. Zikichakaa, injini huinuka na kugonga. Tazama na klachi, plagi na chujio la mafuta.

Tano, magari mengi ya siku hizi hayana waya wa mafuta. Pedali hupeleka habari kwa umeme, na kidude chake kikichakaa, injini hupata habari za uongo. Hapo usibahatishe, mwambie fundi alipime kwa mashine.

Sasa nasema la mwisho, nalo ndilo kubwa. Ukiona ubovu, uandike: tarehe, namba ya gari, na lilivyofanya. Mpe msimamizi nakala moja, nawe weka moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi aripoti jambo la hatari asiloweza kulitengeneza mwenyewe. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali yake iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Waya kuliwa na kutu si makusudi ya dereva. Lakini bila karatasi, neno lako na neno la tajiri havilingani uzito.

Mimi nililipa mayai kwa kuwa sikupima, sikuandika, wala sikuja chamani. Ninyi msifanye hivyo. Dereva mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Madereva ishirini wakileta karatasi ishirini, gari litapelekwa gereji.

Umoja ni nguvu.