Mlo Mbichi na Kazi ya Moto
Suala linalochambuliwa hapa ni mlo mbichi, yaani utaratibu wa kula matunda, mboga na mbegu zilizooteshwa bila kuzipika, ambao huokoa mkaa na kuhifadhi vitamini C, inayoharibiwa kwa urahisi na joto. Kwa upande wa pili, moto una kazi isiyopaswa kubezwa, kwani maharage mabichi yana lektini, protini inayosababisha kutapika na kuhara, na muhogo mchungu hutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Tena kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu inaweza kueneza kipindupindu, hatari inayosikitisha zaidi pale ambapo maji safi hununuliwa kwa ndoo. Je, familia isiyo na maji salama itanufaikaje na mlo huu?