Nani Anajua Nini: Kamera Katika Onyesho la Kwanza la Filamu ya Uhalifu

Mada hii ina hoja moja. Katika filamu ya uhalifu, kamera ya onyesho la kwanza ndiyo inayoamua mtazamaji ajue nini, na ajue kabla ya wahusika au baada yao. Hofu yake, huruma yake na hukumu yake huanzia hapo.

1. Kujua mapema

Touch of Evil (1958) ya Orson Welles inafunguliwa na shoti moja ya zaidi ya dakika tatu. Kamera inaanza karibu kabisa na mikono inayotega bomu la saa. Bomu linafichwa kwenye buti ya gari, kisha kreni inainua kamera juu ya mapaa na kulifuata gari hadi mpakani, likipishana na wanandoa wapya waendao kwa miguu. Kwa kuwa picha haikatwi, dakika za bomu ni dakika zetu. Kila gari linaposimama, tunahesabu. Linapolipuka ndipo picha inakatwa.

2. Kuchelewa kujua

The Godfather (1972) ya Francis Ford Coppola, iliyopigwa picha na Gordon Willis, inafanya kinyume. Tunaona uso wa baba gizani, akisimulia binti yake alivyopigwa. Lenzi inarudi nyuma taratibu mpaka bega la msikilizaji linaingia kwenye fremu. Tumekwisha kumhurumia mwombaji kabla ya kumjua anayeombwa, Don Corleone. Huruma hiyo ndiyo inayotuingiza nyumbani kwa wahalifu.

3. Kwa jirani zetu

Nairobi Half Life (2012) ya David “Tosh” Gitonga inaanzia kijijini, mbali na bunduki. Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, anauza DVD huku akiwaigizia wateja filamu za mapigano. Tunamjua kama msanii kwanza. Akija kuwa mwizi jijini, tunajua kilichopotea.

4. Uwanda wetu

Hapa Dodoma tusiige vichochoro vya Dar es Salaam. Nchi yetu ni kame na wazi. Kiangazi, vumbi la gari huonekana kabla ya gari lenyewe. Weka kamera kwenye tripodi, pembeni mwa barabara ya vumbi kule Bahi. Mbele yupo mchungaji aliyeelekea ng’ombe wake. Nyuma yake, mbali, vumbi linakuja. Usikate. Mtazamaji ameshajua, mchungaji bado. Hilo halihitaji kreni. Hata jua la saa sita lina kazi: likiwa utosini huacha macho kivulini, kama taa za juu za Willis zilivyoyaficha macho ya Don Corleone.

5. Mapendekezo

Kabla ya kupiga picha, mwongozaji na mpiga picha waandike sentensi moja: katika dakika ya kwanza, nani anajua nini? Kamera isisogee bila sababu iliyomo kwenye hadithi. Mandhari ichaguliwe kwa kile inachoficha na kufichua.

Ndugu washiriki, vifaa vyetu ni vichache, lakini uamuzi huu hauna gharama. Tuufanye kabla ya kuwasha kamera.