Garsen Ina Wenyewe



Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, tukarudishiwa haki ya kuunda vyama. Katiba ya 2010 ikatuongezea nyingine: kifungu cha 196 kinaliagiza bunge la kaunti litushirikishe katika kazi zake. Lakini haki isiyotumiwa ni jembe lililotundikwa darini. Mafuriko ya 1997 na ya 2023 yametufunza kwamba Mto Tana haubagui shamba la Mpokomo wala zizi la Muorma. Basi bajeti ya Garsen isijadiliwe Hola bila sisi. Twendeni pamoja tukaulize: mitaro itachimbwa wapi? Soko litajengwa wapi? Ng'ombe watapita wapi kufika mtoni? Anyamazaye leo asiyalaumu maji kesho.