Mzigo wa Kwenda Tamashani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, mbele ya wageni na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka hapa Mlali.)



Katika barua ya mwaliko niliombwa nizungumze juu ya utumishi wa umma, na hotuba hiyo nilikuwa nimeiandika. Lakini jana jioni nilipofika niliwakuta wapiga ngoma wenu wakifanya mazoezi nyuma ya bwalo, nikaambiwa wanajiandaa kwenda Bagamoyo kwenye Tamasha la Sanaa. Nikamwuliza kijana mmoja watabeba nini. Aliniamkia kwa adabu, kisha akanijibu: "Sare ya kuchezea tu, mzee. Kule ni joto."

Usiku sikulala vizuri. Jibu kama hilo nililitoa mimi mwenyewe mwaka 1996, na aliyelipa gharama yake ni mwenzangu. Kwa hiyo naomba radhi, Ndugu Mwenyekiti. Ile hotuba nyingine nitaiacha kwa Katibu, na leo nitasema juu ya mzigo.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, na ndiye niliyekuwa mtunza vifaa wa kikundi cha ngoma. Tulialikwa kucheza huko juu, Mgeta. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mwalimu aliniagiza niandike orodha ya vitu vya kubeba. Niliandika sare, ngoma nne, na mafuta ya kujipaka. Turubai nililiacha stoo kwa sababu lilikuwa zito na lilikuwa na vumbi, nikaona litachafua sare. Hapa Mlali jua lilikuwa linawaka, na tulipanda lori la wazi tukiimba.

Kabla hatujafika nusu ya mlima, ukungu ulishuka, na nyuma yake ikaja mvua. Mpiga ngoma kubwa alivua sweta lake, akalifunika juu ya ngozi ya ngoma, akailalia mpaka tukafika. Ngoma ile ililia vizuri kuliko zote, na wenyeji walitushangilia. Yeye aliipiga akiwa amevaa shati lililolowa, na jasho likaongezea maji juu ya maji.

Sasa nasema jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Ndani ya mfuko wangu mlikuwa na koti kavu. Nilikuwa nimeliazima kwa ajili ya kupiga picha. Nilimwona mwenzangu akitetemeka, nami sikulitoa, nikihofu lisikunjamane kabla mpiga picha hajafika. Picha ile ninayo mpaka leo. Mimi nimo, nimevaa koti. Yeye hayumo, kwa kuwa alikuwa amejikunja ndani ya lori.

Baada ya siku chache alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Mganga alitueleza kwamba baridi peke yake haileti ugonjwa huo, bali mwili uliochoka na kulowa usiku kucha hushindwa kujikinga. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mitihani ya mwisho wa mwaka ilimpita, akarudia kidato, nasi tukamaliza shule tukimwacha nyuma.

Ndugu zangu, kosa langu halikuwa kutojua kwamba mvua hunyesha. Kosa langu lilikuwa kufunga mzigo kwa kutazama hali ya hewa ya mlangoni kwangu. Sisi watu wa Mlali, ambao tunaishi chini ya Uluguru, tunapaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hilo. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, zikagonga milima hii upande wa mashariki, zikapanda, zikapoa, zikamwaga mvua yake kule. Upande wetu wa magharibi hupata kidogo, ndiyo maana tunajidanganya kwamba mbingu zote ni kavu. Tena ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi. Mtu anaweza kutoka hapa asubuhi akitokwa jasho, na kabla ya chakula cha mchana akatafuta blanketi, na wala hajatoka nje ya wilaya yake.

Na Bagamoyo je? Ni kweli kuna joto. Tamasha lile, ambalo lilianza mwaka 1982 pale Chuo cha Sanaa, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, mara nyingi hufanyika kati ya Septemba na Novemba. Huo ndio wakati vuli inapokaribia au imekwisha kuanza. Mchana mtaungua na jua, jioni mtacheza mpaka nguo zilowe jasho, na usiku mtasimama uwanjani katika upepo mkiwatazama wengine. Wale watakaofika Zanzibar siku moja kwenye Sauti za Busara, ambayo ilianza mwaka 2004 na hufanyika Februari, watakuta Ngome Kongwe haina dari. Februari ni kaskazi, ni kipindi cha jua kali, lakini wingu la pwani halina miadi na mtu.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwezi Agosti 1969, huko Marekani, vijana wapatao laki nne walikusanyika katika shamba la mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Bethel, Jimbo la New York, kwa tamasha la Woodstock. Ilikuwa katikati ya kiangazi chao. Siku ya Jumapili mchana ilikuja dhoruba, muziki ukasimama kwa saa kadhaa, na shamba likawa tope. Nchi tajiri na nchi maskini, mvua huwalowesha watu sawasawa.

Basi, vijana, fungeni mzigo kwa ajili ya saa tisa ya usiku, wakati mmechoka, mmelowa, na gari halijafika. Nimejitahidi kuandika vitu vinavyopatikana sokoni au ambavyo tayari mnavyo bwenini.

Kwanza, nguo kavu za kulalia: shati, suruali na soksi. Hizo hazivaliwi mchana hata kidogo, hata ukisifiwa. Ni akiba.

Pili, sweta, na likiwa la sufu ni bora zaidi. Sufu hata ikilowa hubakiza joto kiasi. Pamba ikilowa hukunyang'anya joto la mwili. Sweta la mitumba linatosha. Mikono mirefu itawasaidia pia jioni dhidi ya mbu, na chandarua msikiache.

Tatu, koti la mvua, wala si mwavuli. Mwavuli katika umati humziba aliye nyuma yako na humchoma jicho aliye kando yako, na upepo ukiupindua umebaki na fimbo.

Nne, viatu viwili: ndala, na viatu vya kufunga kamba. Gambuti ni nzuri shambani, lakini hakuna awezaye kucheza ngoma nazo.

Tano, kofia na chupa ya maji. Jua huangusha watu kama mvua inavyowaangusha.

Sita, chombo cha kuhifadhia vyote hivyo. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini ile ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Nawashauri ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ile ile ya kuogea. Maji hayaingii; simu na kitambulisho vitakaa salama; ukichoka unaikalia; asubuhi unaogea. Sijaona sanduku la dukani linalofanya kazi nne.

Saba, turubai kwa ajili ya ngoma. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea na sauti hufa. Ikilowa, ikausheni polepole, mbali kidogo na moto, kwa maana moto wa karibu huipasua. Mkoa wetu uliwalea Salum Abdallah na Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Si vizuri twende kwa watu na ngoma zisizolia.

Tena, kabla ya kuondoka sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Radi ikianza kupiga, ondokeni chini ya miti, wala msiguse nyaya za vipaza sauti katika maji.

Ndugu Mwenyekiti, najua wapo miongoni mwa vijana hawa ambao hawana sweta la kuwa akiba, na wataona aibu kusema. Aibu hiyo ni hatari kuliko mvua. Kwa hiyo natoa pendekezo rasmi kwa chama chetu: tununue turubai mbili na makoti ya mvua ya kutosha kikundi kizima, yawekwe stoo, yaandikwe katika daftari, na yatolewe kwa kila anayesafiri bila kuulizwa anacho au hana. Mimi naanza na makoti matano. Fedha zake nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina.

Na kwa mtunza vifaa wenu nina neno moja. Orodha yako si karatasi ya kumridhisha mwalimu. Kila usichokiandika kuna mtu atakikosa, na huenda asiwe wewe.

Mwisho, yule mpiga ngoma niliyemtaja yupo hapa, amekaa safu ya pili. Siku hizi ni mkulima wa kabichi na karoti huko huko Mgeta, na ameniruhusu niyaseme haya yote. Asubuhi nilimwomba radhi, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1996. Aliniuliza koti lile nililirudisha kwa mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, nililirudisha likiwa kavu. Akacheka sana, kisha akasema: "Basi mwaka huu nitakuja mwenyewe kukagua ndoo zao kabla hawajapanda gari."

Vijana, mtamkuta getini.