Mchicha wa Kando ya Lami

(Maelezo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya wakulima wa Mbulu na Hanang)



Nimeombwa niseme juu ya udongo wa kando ya barabara. Tangu lami ya kutoka Babati kwenda Singida ipite Katesh, biashara imehamia barabarani, na bustani nazo zimefuata. Si vibaya, mchicha ulio karibu na kituo cha basi unauzika. Lakini magari yakipita huacha vitu. Matairi yanapolika huacha zinki, breki huacha shaba. Hizi ni metali nzito. Haziozi kama majani. Zikishatua hukaa kwenye sentimita chache za juu za udongo, pale pale tunapopanda mboga.

Iliyo mbaya zaidi ni risasi. Zamani ilitiwa kwenye petroli ili injini isigonge. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo, ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Lami ya Katesh ilijengwa baada ya 2006, na barabara nyingi za Mbulu bado ni za vumbi, kwa hiyo mzigo huo umetupita kwa sehemu kubwa. Tumshukuru Mungu, ila tusilale.

Maana risasi inaingia kwa mlango mwingine, nao ni betri. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na betri nyingi za sola tulizofunga majumbani ni za aina hiyo hiyo. Ikifa hupasuliwa kwa nyundo nyuma ya gereji, maji yake makali yakamwagwa mtaroni, na mtaro unaishia shambani kwa mtu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha haimrudishii mtoto akili iliyoharibika. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Tufanyeje? Uchafu mwingi uko mita chache za kwanza kutoka barabarani. Kufikia mita 50 huwa umepungua sana. Hapo karibu pandeni miti, au mahindi, kwa kuwa punje hubeba risasi kidogo kuliko majani na mizizi. Mchicha, karoti na vitunguu saumu virudi ndani. Samadi iliyooza vizuri huishika risasi isipande kwenye mmea. Kuosha mboga huondoa vumbi tu, si kile ambacho mzizi umekwisha kunywa. Na hii tabia ya kuanika mahindi juu ya lami, akina mama, turubai zipo.

Vijana wa gereji siwalaumu, wengi ni watoto wetu wa Kipaimara na hakuna aliyewaambia. Tuwaambie betri mbovu iuzwe ikiwa nzima, maji yake ndani.

Kabla ya masika kila kikundi kizungukie gereji za eneo lake kione mitaro inaishia wapi. Penye shaka, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina maabara ya udongo. Majina ya vijiji hivyo mpeni katibu wenu.