Nasaba za Misemo: Enzi na Haki katika Vinywa vya Watu wa Masisi na Walikale



Mtu atafutaye asili ya msemo huuliza kwanza ni nani aliyeutamka, naye hudhani kwamba akishapata jina na mwaka kazi imekwisha. Kwa misemo michache ya watu wa vitabu njia hiyo hufika, maana twajua kuwa ile kauli mashuhuri isemayo kwamba madaraka huelekea kumharibu ayashikaye ilitoka katika waraka ambao Lord Acton, mwanahistoria wa Uingereza, alimwandikia Mandell Creighton mwezi wa Aprili 1887, walipokuwa wakihojiana kama inafaa mapapa na wafalme wahukumiwe kwa mizani ileile wanayopimiwa watu wadogo. Lakini misemo ya enzi na haki itembeayo baina ya Sake na Walikale, huku kwetu Kivu Kaskazini, haina waraka. Nasaba zake huundwa na wasemaji wenyewe. Na dai langu la leo ni kwamba mnyonge atakapo kumsema mwenye nguvu hulitafutia neno lake mzazi mwenye cheo, ilhali mwenye nguvu hana haja ya mzazi wala ya shahidi.

Tutazame Kifungu cha 15. Hapana mtu Kongo nzima, awe wa Kinshasa au wa Nyabiondo, asiyejua kwamba kifungu hicho chasema: jidebruyeni, yaani jitafutieni wenyewe. Husimuliwa kwamba mwezi wa Agosti 1960, majuma machache tu baada ya uhuru, Albert Kalonji alipoitenga Kasai ya Kusini na kufanya makao yake Bakwanga, ambayo leo ndiyo Mbuji-Mayi, Waluba waliofukuzwa Luluabourg na Katanga walimiminika huko bila nyumba wala akiba, wakamwendea kumlilia, naye akawajibu kuwa wamekwisha kufika kwao, basi wajitafutie. Dola ile ikapata katiba mwezi wa Julai 1961, na watu wakalipachika jibu hilo humo na kulipa nambari. Wala haikumpasa mtu kufunua kurasa za katiba kulitafuta, kwa sababu mzaha huo ulikuwa hoja ya sheria: mama auzaye sokoni bila kibali, akikamatwa na polisi asiyelipwa mshahara, hutaja Kifungu cha 15 kama wakili atajavyo sheria mbele ya hakimu, na mara nyingi polisi naye hucheka, kwa kuwa kifungu hicho ndicho kimlishacho yeye pia.

Baada ya Rais Mobutu kutangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitwaliwe na wananchi, na baada ya bei ya shaba kuporomoka katika miaka miwili iliyofuata, mishahara ilipungua thamani hata kifungu hicho kikawa ndiyo sheria pekee iliyotekelezwa nchini kote. Katika miaka ya 1980 mwimbaji Pépé Kallé alikiunganisha na usemi wa Kilingala, beta libanga, yaani vunja jiwe, kwa maana ya kuhangaikia riziki. Hapa ningependa tukawie kidogo. Watu wa Kongo ya Chini walipomwona Stanley, wakala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akipasua miamba ili apitishe barabara, mnamo 1879 na baada yake, walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Jina hilo likahama kutoka kwa mtu likaishukia serikali yenyewe, ile ya Leopold tangu 1885 na ile ya Wabelgiji tangu 1908, likawa jina la kutetemesha. Ikapita karne moja hivi, na kazi ya kuvunja mawe ikawa imehamia kwa raia. Sidhani kama kuna maelezo ya historia ya dola ya Kongo yaliyo mafupi na makali kuliko maneno hayo mawili yakiwekwa bega kwa bega. Na kwetu si fumbo, kwa maana vijana wa machimbo ya Bisie katika kasiteriti walivunja jiwe kwa nyundo, na wa Rubaya katika koltani huvunja hata leo, na juu ya kila gunia kuna mwenye bunduki adaiye sehemu yake.

Msemo wa mbuzi kula pale alipofungwa nitaupitia kwa haraka. Ni yatima, haumtaji mfalme wala katiba, nao husemwa kwa utulivu kabisa na yule aliye mezani, yaani mwenye cheo alaye kwa cheo chake.

Wanyanga, watu wa Walikale, walichagua mzazi mwingine. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji, aliandika kutoka kinywani mwa Candi Rureke, kwa muda wa siku 12 za kuimba, kusimulia na kucheza, utenzi wa Mwindo, ambao aliuchapisha mwaka 1969 pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga. Shemwindo, mwami (mtawala wa jadi) wa Tubondo, awaamuru wake zake wazae mabinti tu. Azaliwapo mwana wa kiume, ndiye Mwindo, baba amtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwana aokoka, amshinda baba yake, amfuata hata kuzimu alikokimbilia, kisha, badala ya kumwua, amrudisha nyumbani akiri kosa lake mbele ya watu, na enzi yagawanywa baina yao. Msimuliaji wa kawaida angekomea hapo. Rureke aendelea: Mwindo naye ajivuna, amwua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, akanyakuliwa juu mbinguni na kuteswa huko kwa mvua na jua hadi ashike adabu, na ni baada ya adhabu hiyo tu ndipo apewapo kinywa cha kutunga sheria. Awaagiza watu wake walime vyakula vingi, wasimdhihaki mlemavu apitaye kijijini, wamche mwami, na mwami naye awache wao.

Agizo hilo la mwisho lilisimuliwa wakati ambapo dikrii ya tarehe 5 Desemba 1933 ilikuwa imekwisha kuwafanya bami, wingi wa mwami, kuwa watumishi wa utawala wa kikoloni, na mwami mwenye busara alimhofu bwana mkubwa wa wilaya zaidi ya alivyowahofu watu wake. Mzee angalilisema kwa jina lake mwenyewe angaliitwa mchochezi. Akilisema kwa jina la Mwindo, mwami hana budi kutikisa kichwa kukubali, kwani aliyesema ni mwami mwenziwe, tena aliyeadhibiwa.

Lipimeni agizo hilo na jina ambalo watu wenye silaha katika Kivu Kaskazini wameipa kodi wanayotoza vijijini: lala salama. Jina hilo halina hekaya wala kifungu. Latosha kutamkwa mlangoni jioni.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, mwendapo Pinga au Katoyi kukusanya misemo, msiniletee orodha ya maneno matupu. Andikeni pia ni nani aliyesema, mbele ya nani, na alimtaja nani kuwa ndiye aliyesema kwanza.