Ahadi Ni Deni: Kampuni za Madini na Wananchi wa Kamituga

(Maneno yaliyotolewa Kamituga mbele ya viongozi wa mitaa, vyama vya ushirika vya wachimbaji, vyama vya akina mama na wajumbe wa kampuni za madini)



Nimeombwa niseme juu ya uhusiano wa kudumu kati ya kampuni ya madini na wananchi. Neno zito hapo ni "kudumu". Kuanzisha uhusiano si kazi ngumu. Kampuni ikifika huleta mabati ya shule, wakubwa hupiga picha pamoja na mwami, mbuzi huchinjwa na watu hucheza. Swali ni hili: miaka 5 baadaye, mvua ikiwa imekata barabara na bei ya dhahabu imeshuka, je, bado tunaongea?

Sisi wa Kamituga tumeona kampuni nyingi. Wakati wa ukoloni ilikuwa MGL. Mwaka 1976 ikazaliwa SOMINKI kutokana na kuunganishwa kwa kampuni kadhaa. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, umeme, mshahara wa kila mwezi. Mwaka 1996 Banro ya Kanada ilinunua hisa katika SOMINKI, na mwaka 1997 ikaja SAKIMA. Mwaka 1998 serikali ya Mzee Laurent-Désiré Kabila ilivunja mapatano hayo na kuunda SOMICO. Kisha, kwa mapatano ya mwaka 2002 na serikali, Banro ikarudishiwa haki zake za dhahabu Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya. Majina yote hayo yalipita katika maisha ya mtu mmoja. Kila jina jipya lilipokuja lilisema, "Mambo ya zamani hayatuhusu."

Hapo ndipo penye mzizi wa matatizo yetu. Kampuni hubadilika, hati huuzwa Kinshasa au Toronto, lakini kijiji hubaki palepale, na madeni hubaki nacho. Mfanyakazi wa SOMINKI aliyedai malipo yake ya mwisho miaka nenda miaka rudi haoni tofauti kati ya kampuni iliyomwajiri na ile iliyokuja kukalia mgodi wake. Kwake yeye mgodi ni uleule. Mwanasheria atasema amekosea. Lakini mtoto wake aliyekua akisikia malalamiko hayo ndiye anayesimama barabarani kuzuia magari. Ahadi ni deni, na deni lisiporithiwa na mdaiwa, uchungu wake hurithiwa na watoto wa mdai.

Jambo la pili ni nafasi ya wachimbaji wadogo. Tangu mwaka 1982, serikali ya Mobutu iliporuhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu, na zaidi sana baada ya SOMINKI kuanguka, mji huu umeishi kwa nguvu ya mikono. Mchimbaji yuko shimoni, pedeje anagharimia kazi, wabebaji wanapandisha mawe, akina mama wanayatwanga mpaka yawe unga, wengine wanaosha, wanunuzi wanapima. Duka, shule na kanisa vyote vinategemea mnyororo huo. Lakini kwa sheria, mahali pengi tunapochimba ni ndani ya eneo lenye kibali cha kampuni. Kwa hiyo mtu amechimba miaka 20, amesomesha watoto, na kwenye karatasi bado anaitwa mvamizi.

Tunajua pia kazi hii inavyoua. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha, maji yakajaa katika mashimo ya Detroit, na taarifa za kwanza zilitaja vifo vya watu 50 na zaidi. Hakuna mtu hapa anayetaka vijana wetu waendelee kufa hivyo. Lakini kuwafukuza bila kuwaonyesha pa kwenda hakuwapi usalama. Kunawahamishia kwenye shimo baya zaidi, au kwa mtu mwenye bunduki.

Tuangalie jirani zetu wa Luhwindja. Mgodi wa Twangiza ulianza kuzalisha kwa biashara mwaka 2012. Banro ilikuwa na mfuko wake wa maendeleo uliojenga shule na vituo vya afya, na hilo lisemwe wazi. Hata hivyo familia zilizohamishiwa Cinjira, mlimani juu, zililalamika juu ya ukosefu wa mashamba, na wachimbaji waliopoteza mashimo yao walilalamika juu ya kazi. Majengo yalikuwepo na manung'uniko yalikuwepo. Namoya, katika Maniema, ilianza mwaka 2016, na Septemba 2019 kazi ikasimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama na mvutano na wachimbaji. Somo langu ni dogo: shule haiwezi kujibu swali la shamba, wala zahanati haijibu swali la shimo. Mtu akidai kitu kimoja ukampa kingine, atapokea, na bado atadai.

Baadaye tulipata wageni wa aina nyingine, wale wa mashine mtoni. Sheria inaweka uchimbaji wa mikono kwa raia wa Kongo walio katika vyama vya ushirika. Wengine waliingia kupitia mgongo wa vyama hivyo, wakaleta mashine kubwa. Agosti 2021 gavana wa Kivu Kusini alisimamisha kampuni 6 za Kichina katika Mwenga, baada ya wananchi kulalamika kuhusu mito na mashamba yao. Julai 2024 gavana mwingine alisimamisha uchimbaji kwa sababu ya fujo hiyohiyo. Anayejificha nyuma ya chama cha ushirika hakwepi kodi peke yake. Anakwepa pia kuketi na wananchi na kutia sahihi.

Kwa maana sheria yetu ya madini, iliyorekebishwa Machi 2018, inatupatia kitu cha kushika. Kampuni yenye kibali cha kuchimba inatakiwa kufanya hati ya majukumu na wananchi, ile tunayoiita kaye de sharji. Inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wananchi. Tena, katika ada ya madini, asilimia 15 ni haki ya eneo la utawala ambamo mgodi upo, na asilimia 25 ni ya jimbo. Hii si sadaka ya kampuni. Ni haki iliyoandikwa.

Ndugu zangu, kutokana na hayo naomba tushike mambo matano.

Kwanza, kampuni yoyote inayokuja ianze kwa kusikiliza madeni ya zamani. Sisemi ilipe yote. Nasema yaandikwe, na kila moja lipate jibu: hili tutalibeba sisi, hili ni la serikali, hili halina ushahidi. "Hapana" yenye maelezo ni afadhali kuliko kimya cha miaka 10.

Pili, mazungumzo yasiishie kwa mwami na wakubwa. Mama mtwangaji hana ofisi, lakini mashine za kusaga mawe zilipoingia ndiye aliyepoteza kazi. Aitwe kwenye mkutano, na saa iwe ile anayoweza kufika. Maneno yasemwe kwa Kiswahili na Kirega, kisha yale yaliyokubaliwa yasomwe mbele ya wote kabla ya sahihi.

Tatu, kabla ya kumwondoa mchimbaji, aonyeshwe mahali. Sheria inaruhusu kampuni kuachia sehemu ya eneo lake, na serikali inaweza kutangaza mahali hapo kuwa pa uchimbaji wa mikono. Lakini pawe mahali penye dhahabu. Kilima kitupu si nafasi, ni dharau.

Nne, liwepo daftari la malalamiko. Anayelalamika apewe karatasi yenye tarehe, jina la atakayejibu na siku ya jibu. Nakala moja ikae kampuni, nyingine kwenye kamati ya wananchi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata amani ni mali.

Tano, ulinzi. Tangu mwaka 2000 kuna Kanuni za Hiari kuhusu Usalama na Haki za Binadamu, na kampuni kubwa nyingi zimezikubali. Maana yake kwetu ni rahisi: ugomvi wa shamba upelekwe kwa msuluhishi, usipelekwe kwa askari. Risasi moja hufuta kazi ya miaka mingi.

Sasa niwageukie wananchi wenzangu, kwa sababu uhusiano una pande mbili. Kiongozi anayetia sahihi usiku kwa bahasha ameuza kitu kisicho chake. Kijana anayefunga barabara kabla ya kupeleka barua kwenye kamati anawafungia pia wagonjwa na wafanyabiashara. Na zile asilimia 15 zikifika, tuziulizie kwa ukali uleule tunaoutumia kuuliza kampuni. Tusiwe na macho kwa mgeni na upofu kwa ndugu.

Mtaniambia: huu si wakati wake. Bukavu ilishikwa na M23 Februari 2025, vita vimetuzunguka, nani atakuja kuwekeza? Mimi naona ndiyo maana tujiandae. Dhahabu haikosi mtu wa kuifuata, hata vitani. Atakayekuja akitukuta hatuna orodha ya madai, hatuna kamati na hatuna ramani ya mashimo yetu, ataongea na yule atakayemkuta kwanza, na huyo huenda akawa mwenye silaha.

Basi kila mtaa uanze na kazi hii: andikeni nani anachimba wapi, nani analima wapi, nani anadai nini na tangu lini. Kampuni ya kesho, jina lolote itakalokuwa nalo, ikute daftari hilo mezani.